Skwati imetoka kilo 80 hadi 140 lakini uwanjani bado naachwa, shida iko wapi?

winga_wa_kondele

Salamu wadau wa tizi. Niko Kisumu, Kondele, miaka 22, nacheza raga winga (yule wa pembeni wa kukimbia na mpira), timu ya mtaa tu bado hatujafika ligi kubwa. Mwaka jana kila mtu alikuwa ananiambia we ni mwembamba ukiguswa unaenda chini, so nikajitupa jimu, ile ya mabati ya hapa mtaani, chuma chenyewe ni ekseli ya matatu kuukuu na uzito ni mikebe ya rangi imejazwa simiti (tuliipima sokoni Kibuye kwa mizani ya muuza mahindi, ni kilo kweli kweli). Miezi nane sijakosa. Skwati, yaani kuchutama na chuma mabegani na kuinuka, uzito wa juu kabisa naweza mara moja tu, nilianza na kilo 80, saa hii ni 140. Mwili nao umetoka kilo 80 ukafika 86 na si kitambi.

Sasa Jumamosi tulikuwa na mechi, mpira ukanifikia nikiwa na nafasi wazi kabisa, mita thelathini mbele yangu hakuna mtu, na kijana mwembamba akatoka nyuma akanishika miguu kabla sijafika laini. Hio usiku sikulala. Si kushindwa ndo kuliniuma, ni kujua nimeweka miezi nane kwa kitu alafu nikabaki pale pale.

Namba zangu ninazo kwa daftari. Kuruka ukutani na chaki: kabla ya jimu sentimita 52, sasa 53. Mita 30 kwa saa ya simu: kabla 4.3, sasa 4.4.

Venye nafanya ni skwati seti 4 za mara 12 na kilo 95, polepole, naacha wakati misuli inaungua, napumzika dakika moja hivi juu watu wanangoja chuma. Benchi, ile ya kulala chali na kusukuma chuma juu, hivo hivo. Na kila asubuhi kochi anatutoa mbio, tunapanda kilima cha Riat tunarudi, saa nzima na kitu.

Swali langu, nguvu za jimu na ile ya kufyatuka uwanjani ni vitu viwili tofauti? Niache vyuma nianze tu kuruka na kukimbia mbio fupi ama kuna mahali nimekosea?

mkufunzi_nax

Pole na hio mechi ndugu. Niko Nakuru, nimesimamia mazoezi ya viungo kwa wachezaji raga na wakimbiaji wa mbio fupi kwa miaka kadhaa, na swali lako naulizwa kila msimu, tofauti ni wewe umekuja na daftari.

Na hilo daftari lina habari njema hujaiona. Ulikuwa unarusha kilo 80 juu sentimita 52, sasa unarusha kilo 86 sentimita 53. Piga hesabu, hio ni kazi imeongezeka kama asilimia 10. So si ati hukupata kitu. Lakini skwati yenyewe imepanda asilimia 75! Hapo katikati ya 75 na 10 ndo kuna shida yako. Hio 0.1 ya mita 30 usiiweke moyoni, kidole kwenye saa ya simu kinaweza kukosea kiasi hicho bila mtu kujua.

Shida yako ni muda. Ukiwa chini ya kilo 140 una sekunde nzima na zaidi ya kusukuma, hakuna anayekuharakisha. Kwa mbio, hatua za kwanza mguu unakaa chini kama sekunde 0.2, ukishashika kasi unakaa kama 0.1, wale wa daraja la juu hata chini ya hapo. Na misuli ikianza kukaza kutoka sufuri, kufikisha nguvu yake yote inataka kama sekunde 0.3 ama zaidi. Umeona? Mguu umeshatoka kwa nyasi kabla nguvu zako hazijafika. Ni kama mtu ako na laki mbili kwa benki na matatu inang'oa saa hii, kondakta anataka ile iko mkononi.

Hio ya mkononi inatoka kwa neva kuliko ukubwa wa paja. Misuli imegawanywa vikundi vikundi, kila kikundi na neva yake, na mwili ni mchoyo, unaamsha vile vidogo vya nyuzi za polepole kwanza. Vile vikubwa, vya nyuzi za kasi, vinangoja mpaka mzigo uwe mzito sana ama mpaka ujaribu kwenda kwa kasi yako yote. Alafu kuna ile haraka neva inatuma ishara moja baada ya nyingine, nayo inafundishika. Mara 12 za polepole mpaka iungue zimekujengea nyama, sikatai, kilo sita si mchezo, lakini zimefundisha neva zako kufanya kazi polepole zikiwa zimechoka, na ndo venye zinafanya hata Jumamosi.

Kuna Muingereza, A.V. Hill, alionyesha mwaka 1938 kwamba misuli ikijikunja kwa kasi zaidi nguvu inayotoa inapungua. So kuna ncha mbili, chuma kizito kinachoenda polepole na kitu chepesi kinachoenda kwa kasi, na kufyatuka ni nguvu ukizidisha na kasi. Umefanya upande mmoja miezi nane, ule mwingine ukabaki venye ulikuwa. Ukiacha vyuma sasa na uanze kuruka pekee utakuwa umegeuza tu kosa upande wa pili.

Mimi ningekupanga hivi. Siku moja nzito, skwati kilo 120 hivi, mara 3 tu, seti 4. Shuka ukijimiliki, kupanda sukuma kama unataka kutoboa paa, hata kama chuma chenyewe kinapanda polepole hio nia ya kwenda kasi neva inaisikia. Pumzika dakika 3 kamili, waambie hao wenye wanangoja wavumilie, juu ile akiba ya fosfati inayolisha misuli sekunde kumi za kwanza inahitaji kama hizo dakika tatu kurudi. Siku ya pili nyepesi ya kasi, skwati ya kuruka na kilo 30 begani mara 4, kuruka mbele kwa miguu miwili, mbio za mita 20 ukipumzika hadi ujisikie mpya. Ukiona mruko umeshuka, seti imeisha hapo, usimalizie eti juu uliandika mara sita.

Na hio Riat ya kila asubuhi, hapo ndo naumia. Mbio ndefu nyingi zinaharibu kufyatuka kuliko zinavyoharibu hata nguvu za kubeba. Huku kwetu kila mchezaji anafunzwa kama anaenda marathoni, tumekulia karibu na Iten na Eldoret, sifa ya nchi imetoka huko, so kochi akitaka kujua kama kijana ana bidii anamtoa mbio saa moja. Winga kazi yake ni sekunde nne, anatembea, sekunde tano, anatembea. Ferdinand Omanyala alikuwa raga kabla ya mbio, na 2021 pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, akaenda mita 100 kwa 9.77, rekodi ya Afrika. Sekunde tisa na kitu. Huwezi kuifikia kwa kujifunza kwenda polepole kwa muda mrefu.

mrusha_mkuki_mstaafu

Mulembe. Niko Kakamega, karibu na uwanja wa Bukhungu. Nilirusha mkuki na tufe shuleni na baadaye timu ya kazini, sasa nafundisha vijana jioni.

Mkufunzi amesema vizuri lakini mnasahau kitu kimoja. Mnaongea kusukuma tu. Mkuki wa wanaume ni gramu 800, hata mtoto wa chekechea anaubeba. Julius Yego, wa hapo Nandi jirani, aliurusha mita 92.72 kule Beijing 2015 akachukua dhahabu ya dunia, mwaka uliofuata Rio akaleta fedha ya Olimpiki. Hizo nguvu zote za nini na kitu ni gramu 800? Ni za KUJIZUIA. Mrushaji anakuja mbio, mguu wa mbele unakita chini, na hapo hapo mbio yote inasimama, ule mwendo unapanda kiunoni, kifuani, begani, unamalizikia kwa mkono. Goti likilegea kidogo tu umepoteza mita. Huo mguu kwa kufumba na kufumbua unabeba uzito wa mwili mara kadhaa. Kijana ambaye hana skwati nzito anakunja goti pale, nimewaona wengi, mkono mzuri kabisa lakini chini hakuna kitu.

Na winga ni hivo hivo akikata pembe. Yule wa kubadilisha njia ghafla lazima kwanza asimame. So mdogo wangu zile kilo 140 usizidharau, ndo breki zako.

Kitu cha pili ni manati. Mtoto akitaka kupiga ndege hasukumi jiwe, anavuta mpira nyuma na kuachilia hapo hapo. Kano ya kisigino iko hivo, ukitua inavutika na kuweka nguvu, ukiondoka haraka inakurudishia, ukichelewa chini inapotea kama joto. Warusi walilielewa hili mapema, Yuri Verkhoshansky miaka ya 60 alikuwa anawaangusha wanariadha wake kutoka juu ya sanduku, wakigusa chini tu waruke tena. Baadaye Wamarekani wakaipa jina plaiometriki. Lakini hao walikuwa watu wa skwati nzito miaka mingi, si mtu ameanza juzi.

Mahali sikubaliani na mkufunzi ni hio skwati ya kuruka na ekseli shingoni. Mikebe ya simiti inacheza! Ukitua chuma kinakuchapa pingili za shingo. Chukua mpira wa kikapu uliochakaa, ujaze mchanga, ushone. Ushike mbele ya kiuno, chutama kidogo, urushe nyuma juu ya kichwa kadri unavyoweza, alafu upime umeanguka wapi. Kifundo, goti, nyonga zinafunguka pamoja kama kwa kuruka na hakuna kitu kinakurudia. Namba unaiandika kwa daftari lako. Na klini, ile ya kutoa chuma chini hadi mabegani kwa mkupuo mmoja, ni zoezi tamu sana lakini si kwa hio ekseli na si bila mtu wa kukufunza.

mkufunzi_nax

Mzee hapo kwa mikebe umenishinda, nimezoea vyuma vya kufunga. Winga, fuata mpira wa mchanga, na ukitaka kuruka na uzito kumbatia gunia la mchanga la kilo 20 kifuani.

madam_voli

Nauliza nikiwa Bungoma, nafundisha voliboli wasichana wa sekondari. Nimesoma hapa nikafurahi sana maanake mimi nimekuwa nikiwaambia waruke mara mia, mia mbili kila jioni nikidhani wanaongeza urefu wa mruko, na muhula ukifika katikati magoti yanauma na wanaruka chini kuliko walivyoanza. Nimesikitika kusoma kwamba makosa ni hayo.

Wazazi hawataki kusikia habari ya vyuma, wanasema mtoto atakuwa na misuli kama mwanaume. Nifanye aje? Na nianze wapi na msichana wa miaka 15?

fizio_wa_mashinani

Madam hongera kwa kuuliza. Nafanya kazi ya tiba ya viungo, nazunguka hizi kaunti za magharibi, na magoti ya wachezaji wa voliboli naona kila wiki.

Waambie wazazi hivi, wiki za kwanza za vyuma nguvu inaongezeka lakini paja halijabadilika hata sentimita, juu kinachojifunza kwanza ni ubongo na neva. Mara 3 hadi 5 za uzito mkubwa na mapumziko marefu zinajenga nyama kidogo kuliko zile seti ndefu, na msichana hana ile homoni ya kiume ya kumfanya ajae hivyo. Yeye atapanda kwa neti, basi.

Miaka 15 anaanza na mwili wake mwenyewe, kuchutama vizuri, kupanda benchi kwa mguu mmoja, alafu gunia la mchanga, kilo zinaongezwa polepole. Lakini kabla ya kumfundisha kuruka mfundishe KUTUA. Simama pembeni umtazame, akitua magoti yakiingia ndani yakigusana hapo ndo ile kano ya ndani ya goti inakatika, na wasichana wako kwa hatari zaidi ya wavulana. Atue kimya, magoti yafuate vidole vya miguu, nyonga zirudi nyuma. Nimekaa na msichana wa kidato cha tatu goti limekatika wiki mbili kabla ya mashindano, hakuna kitu unaweza kumwambia siku hio.

Kuruka mara mia mbili ni mazoezi ya kuchoka. Mara 30 au 40 kwa siku, za nguvu zote, siku mbili kwa wiki, ukihesabu pia zile za mchezo wenyewe. Misuli inakua haraka kuliko kano, ndo maana mtu anajiskia ako sawa wiki ya sita alafu wiki ya nane goti linaanza kulia.

Winga na wewe skiza. Ukianza mbio za kasi yote baada ya miezi nane ya polepole, misuli ya nyuma ya paja ndo itapasuka kwanza. Piga magoti chini kwa mkeka, mwenzako ashike visigino, jishushe mbele polepole mwili ukiwa umenyooka kutoka magoti hadi kichwa, ukishindwa jidake na mikono. Mara 4, seti 2, siku mbili kwa wiki. Utaumwa wiki ya kwanza, usiache. Wachezaji wanaofanya hii wanaumia nyuma ya paja kidogo sana kuliko wasiofanya.

winga_wa_kondele

Asanteni sana, nimesoma kila kitu mara mbili. Mzee hio ya manati imenikaa kichwani. Shida ni kochi, yeye ni mtu mzuri lakini ukimwambia hupandi Riat anakuona mvivu. Sitaki kukosa nafasi kwa timu.

mkufunzi_nax

Usimwambie hupandi, mwombe upande tofauti. Siku mbili kwa wiki nendeni hio Riat lakini chagua kipande kimoja chenye mwinuko, mita 25 tu, upande kwa nguvu zako zote, ushuke ukitembea, dakika mbili tatu upumzike, mara sita basi. Mlima unakulazimisha kuinama mbele na kusukuma nyuma, ni kama vyuma vya bure, na kasi ikiwa chini kidogo nyuma ya paja haiko kwa hatari sana. Siku moja ya mbio ndefu fanya na wenzako, winga pia anahitaji pumzi ya dakika 80. Kochi akiona umefika juu umepauka atajua si uvivu. Nenda umuone kabla ya mazoezi, si mbele ya watu, na umbebee daftari.

winga_wa_kondele

Narudi baada ya wiki saba. Kochi alikubali siku mbili, nafikiri ni daftari lilimshika. Skwati imebaki 140 sijaongeza hata kilo. Mruko umefika 57. Mpira wa mchanga nilianza mita 9 saa hii ni 11 na kidogo. Kushikwa nimeshikwa tena, lakini sasa nikikata pembe mtu anabaki, hio breki ya mzee nimeiskia kabisa kwa mguu wa kushoto.

Mita 30 ndo sielewi, ni 4.3, tumepima mara tano na watu wawili tofauti. Mruko umepanda sentimita nne, mbona mbio haisongi?

mrusha_mkuki_mstaafu

Kuruka ni kwenda juu, mbio mwanzoni ni kwenda mbele. Mara nyingi kijana akipata nguvu mpya anaziamsha kwenda juu, anasimama wima hatua ya pili tu. Mwambie mtu akae pembeni, si mbele, akurekodi hatua tano za kwanza kwa simu alafu ulete hapa tuone kifua kinainuka wapi.

winga_wa_kondele

Sawa mzee. Kesho jioni tuko uwanjani, naileta.